Niambie Kwanza Joto la Tanki: Maswali Yenu Kuhusu Mijusi, Nyoka na Kobe wa Nyumbani

Jamani barua za mwezi huu ni nyingi na nimezisoma zote, na kuna kitu kimoja kinajirudia mpaka kinanisumbua. Mtu anaandika ukurasa mzima, mnyama wake ana rangi gani, anaitwa nani, alimpata lini, anapenda kukaa begani, alafu joto la tanki hajataja, taa ni ya aina gani hajataja, kipimo hana. Sasa hapo mi nitajibuje? Mbwa akiumwa analia, paka anakufuata anakusumbua, ila mjusi anakaa tu kimya kwenye kona yake siku ya kwanza, ya pili, wiki, na we unaona ametulia. Mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe kama wetu, analichota pale alipo, kwahiyo lile sanduku la kioo ulilomuwekea ni kama nusu ya mwili wake, hata tumbo linasaga chakula kwa joto la ile taa ya juu. Ndo maana kila barua naanzia hapo, mnisamehe.

"Habari za kazi kaka. Nina mjusi wa ndevu, wale wa asili ya Australia, ana miezi saba. Siku hizi vidole vinatetemeka, miguu ya nyuma anaiburuza na taya la chini nikigusa linabonyea kama mpira. Anakula nyenje vizuri tu. Taa ya UVB sikununua kwasababu tanki liko dirishani linapigwa jua asubuhi mpaka mchana. Nimpe dawa gani?" Mwenye wasiwasi

Ndugu yangu, weka gazeti chini utafute daktari wa wanyama anayewajua reptilia, leo leo, alafu urudi kumalizia kusoma. Kutetemeka maana yake kalsiamu kwenye damu imeshuka sana na hilo halisubiri wikiendi, daktari anaweza kumpa kalsiamu ya sindano au ya kunywa kwa kipimo chake na we nyumbani huwezi kukisia.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwasababu hujafanya uzembe, umedanganywa na kioo. Ngozi ya mjusi wako ikipigwa na mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inatengeneza vitamini D3, na bila D3 utumbo hauchukui kalsiamu hata umwagie unga wake kila mlo. Mionzi yenyewe ni ile ya nanomita 290 hadi 315 hivi, na kioo cha kawaida cha dirisha kinaizuia karibu yote. Mwanga unapita, joto linapita, we unaona jua limejaa humo ndani, lakini kile alichokuwa anakihitaji kimebaki nje. Mwili ukikosa kalsiamu ya chakula unaanza kuichota kwenye mifupa, ndo taya linalainika, miguu inapinda, uti wa mgongo unaingia mabonde. Na tena tanki la kioo kupigwa jua moja kwa moja ni hatari nyingine kabisa, linaweza kupanda joto mpaka likamuua mnyama ndani ya muda mfupi, hana pa kukimbilia.

Haya mambo nayasema kwa uchungu manake mjusi wangu wa kwanza nilimpoteza hivohivo. Nilikuwa na taa yenye UVB tena, nzuri, ila nilikuwa naitumia mwaka wa pili na ilikuwa inawaka vizuri tu kwa macho. Taa izi zinaendelea kutoa mwanga muda mrefu baada ya UVB kuisha, wewe hutaona tofauti yoyote. Kutegemea aina yake unabadilisha kila miezi 6 hadi 12, andika tarehe kwa kalamu kwenye kishikio chake, mi siku hizi nafanya hivo na sijaacha.

Ukitoka kwa daktari panga hivi. Taa ndefu ya UVB, ile ya mrija, iwe juu ya sehemu ya kuota joto pamoja na balbu ya joto, kwasababu mnyama anapotafuta joto ndo huko huko apate na mionzi. Umbali fuata uliondikwa kwenye boksi la taa, na kama kuna wavu katikati jua kwamba wavu unakula sehemu kubwa ya mionzi. Sehemu ya kuota iwe nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, upande wa pili wa tanki 24 hadi 28, ili achague mwenyewe aende wapi. Masaa 12 yanawaka, usiku zima zote.

Chakula nacho, nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, wakati mnyama anataka kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi, kwahiyo ukimlisha nyenje watupu unamfilisi taratibu huku ameshiba. Walishe nyenje wenyewe mboga nzuri siku moja au mbili kabla, alafu uwapake unga wa kalsiamu kabla ya kumpa. Usizidishe unga wenye D3 maana D3 ikizidi nayo inadhuru, pata ratiba kwa daktari. Majani ya kijani mpe, anavyokua yanazidi kuwa sehemu kubwa ya mlo wake, ila spinachi isiwe ya kila siku, ina asidi inayoshika kalsiamu isitumike. Na vimulimuli, wale wadudu wanaowaka usiku, hata mmoja asimguse, wana sumu na mmoja tu anatosha kumuua mjusi wa ndevu.

Mifupa iliyopinda tayari kwa kawaida hainyooki tena, nakwambia ukweli usije ukatarajia kingine. Lakini taya linaweza kukaza na mnyama akaishi miaka yake vizuri kabisa, nimewaona wa hivo.

"Chatu wangu amegoma kula huu mwezi wa pili. Ni wale wadogo wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira. Nimembadilishia mpaka panya hai, hataki. Tanki nimemchukulia kubwa, zuri, liko sebuleni kila mtu anamuona. Je ataishi?"

Hapo kwenye "kila mtu anamuona" ndo nimeshtuka. Chatu huyu porini anashinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu, anajisikia salama akiwa amebanwa pande zote, na kujikunja kama mpira kichwa katikati ndo namna yake ya kuogopa. We umempa ukumbi. Tanki kubwa sio tatizo lakini likiwa tupu na watu wanapita pita ni kama kulala uwanjani. Muwekee maficho mawili, moja upande wa joto moja upande wa baridi, yawe madogo kiasi kwamba akiingia mwili unagusa kuta, jaza matawi na majani katikati, na pande tatu za kioo zifunike kwa karatasi nyeusi. Watu wengi wananiandikia wiki mbili baada ya kufanya hili tu wakisema amekula.

Alafu sasa joto (nilikwambia nitauliza). Upande wa joto 31 hadi 33, upande wa baridi 25 mpaka 27, unyevu kwenye asilimia 60 hivi, na mkeka wa joto wa chini ya tanki au balbu lazima vipite kwenye themostati, kile kifaa kinachozima na kuwasha ili joto lisizidi. Ukiwa na joto la chini tumbo halisagi, na nyoka anajua, hali.

Panya hai acha kabisa. Watu wanadhani anataka mchezo wa kuwinda, lakini panya aliyeachwa na nyoka asiyetaka kula anamtafuna nyoka, nimeona vidonda mpaka mfupa. Mpe aliyegandishwa, umyeyushe vizuri, alafu umpashe kwenye maji ya moto awe kama joto la mwili, asiwekwe kwenye maikrowevu maana anapasuka na ndani panabaki barafu. Nyoka huyu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, panya wa baridi kwake ni kama jiwe. Mpe jioni taa zikiwa zimezimwa, kwa koleo ndefu, unene wa panya usizidi sana ule wa sehemu pana ya nyoka mwenyewe. Asipochukua toa, usirudie kesho, ngoja wiki. Akila, usimshike siku mbili zinazofuata atatapika.

Kuhusu kuishi, aliyekomaa na mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na hasa madume msimu wa kupandana, kwahiyo miezi miwili peke yake isikuue kwa presha. Mpime kwenye mzani wa jikoni kila wiki uandike. Akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito, au akawa anapumua kwa mluzi, au mapovu puani, au anaachama mdomo akiwa ameinua kichwa juu, hapo ni daktari. Na kama macho yamekuwa ya bluu bluu kama maziwa basi anajiandaa kujivua gamba, muache, hali na haoni vizuri, ongeza unyevu tu. Gamba likitoka zima kama soksi unyevu wako uko sawa, likitoka vipande vipande au likabaki kwenye jicho unyevu ni mdogo. Usilivute la jichoni kwa kucha hata siku moja.

"Shikamoo. Mwanangu wa miaka minne anataka kobe mdogo wa maji, wale wenye mstari mwekundu pembeni ya macho. Nimeona wanauzwa wadogo kama sarafu, wazuri sana. Naomba ushauri." Mama wa watatu

Marahaba mama. Ushauri wangu ni usimnunulie sasa, na najua mtoto atalia, mwambie mi ndo nimekataa.

Sababu kubwa ni salmonela. Reptilia wengi wanabeba bakteria hawa tumboni wakiwa wazima kabisa, na wanapatikana kwenye ngozi, kwenye gamba na kwenye maji ya tanki. Mtu mzima ananawa mikono, mtoto wa miaka minne anashika kobe alafu vidole viko mdomoni, na kobe mdogo kama sarafu mwenyewe anaingia mdomoni. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba chini ya sentimita 10 hivi tangu 1975 kwasababu hiyo hiyo, watoto walikuwa wanaumwa wengi. Wataalamu wa afya wanashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe na reptilia kabisa, na nyumba yenye mtu mwenye kinga dhaifu vilevile.

Kingine ambacho muuzaji hasemi, huyo wa ukubwa wa sarafu jike akikua anafika mpaka sentimita 30 na anaweza kuishi miaka 20, 30, hata 40. Anataka tanki la mamia ya lita za maji, filta yenye nguvu maana anachafua kupita samaki, sehemu kavu ya kupanda kuota, taa ya joto na ya UVB. Ni mnyama mzuri sana mi nampenda, ila ni wa mtu anayejua anachoingia. Mwanao akifika miaka nane tisa na bado anamtaka niandikie tena, tutapanga wote, na kusafisha tanki iwe kazi yako sio yake, na maji yake yasimwagwe kwenye sinki la vyombo.

"Nina geko mmoja wa madoa ya chui, ananisikitisha anakaa peke yake. Nimuongezee mwenzake?"

Hapana. Hana upweke, upweke ni wetu sisi. Ukiwaweka wawili mmoja atamiliki sehemu ya joto na chakula na mwingine atakonda polepole bila ugomvi wowote unaouona, na wakiwa madume wote watang'atana mpaka mikia ikatike. Ukiona wamelaliana kwenye joto usifikiri ni upendo, kila mmoja anataka pale pale. Ukitaka wawili nunua tanki la pili.

"Nimetengeneza terariamu ya mimea tu, chupa kubwa ya kioo yenye mfuniko. Wiki ya tatu kioo kimejaa ukungu sioni kitu na kuna utando mweupe kwenye mbao. Je nimeharibu? Na ninaweza kumuweka mjusi mdogo humo?"

Hujaharibu, umeweka maji mengi tu. Fungua mfuniko siku moja mbili mpaka ukungu wa kioo uishe, funga, angalia. Chupa yenye maji sawasawa inapata ukungu kidogo asubuhi na unaondoka mchana. Utando mweupe ni kuvu, kwenye mbao mpya inatokea karibu kila mara na inapungua yenyewe, na ukipata vile vidudu vyeupe vidogo sana vinavyorukaruka kwenye udongo wenye majani yanayooza, waachie humo, wanakula kuvu usiku na mchana.

Hii hobi ina historia ambayo naipenda kweli. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alikuwa amefukia buu la nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa akafunga, anasubiri nondo atoke. Nyumbani kwake mimea ya jamii ya fani (fern, ile ya majani mengi isiyotoa maua) ilikuwa inamfia kwa moshi wa makaa wa jiji, alishakata tamaa nayo, alafu siku moja akaona ndani ya ile chupa fani imeota na nyasi, na bila yeye kuongeza tone la maji. Maji yalikuwa yanapanda kama mvuke, yanagota kioo, yanashuka tena. Akaanza kutengeneza masanduku ya kioo, na mwaka 1833 akapakia mimea kwenye meli kwenda Sydney, safari ya miezi, ikafika hai. Baadae masanduku hayo hayo ndo yalisafirisha miche ya chai kutoka China kwenda India. Kwahiyo chupa yako ina ukoo.

Mjusi sasa, kwenye chupa iliyofungwa hapana, atakosa hewa na hakuna upande wa joto na upande wa baridi, pote ni kulekule. Kama unataka mnyama pamoja na mimea hai, anza upya na tanki lenye tundu za hewa na mlango wa mbele. Chini kabisa kokoto za kupokea maji yanayozidi, juu yake wavu, juu ya wavu udongo wa sentimita 10 hivi usio na mbolea wala dawa, alafu majani makavu mengi. Tia wale vidudu weupe na wale wa kijivu wanaojikunja kama kidonge ukiwagusa, wanakula kinyesi na mabaki. Acha mwezi mzima bila mnyama mimea ishike mizizi na vidudu wazaane. Huo mwezi ndo mgumu kuliko vyote kwa mtu mwenye hamu, najua, lakini tanki lililoharakishwa linaoza.

"Kaka naomba msaada wa haraka. Kinyonga wangu wa Yemeni, jike, yuko peke yake tangu mdogo hajawahi kuona dume. Sasa wiki hii anatembea chini ya tanki anakwaruza kona, tumbo limejaa kama ana vitu vya duara, hali. Nimuongezee vitamini?"

Ana mayai. Jike wa kinyonga huyu anataga hata bila dume, kama kuku, na mayai hayo hayataangua ila lazima yatoke. Hata nyoka inatokea, mwaka 2020 kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis kule Marekani chatu jike, huyu huyu wa kujikunja, alitaga mayai akiwa na umri unaokadiriwa miaka 62 na alikuwa hajakaa na dume kwa zaidi ya miaka 15.

Anakwaruza kwasababu anatafuta pa kuchimba na hakuna. Leo muwekee ndoo au boksi pana lenye mchanga wa kuchezea uliooshwa, uchanganye na udongo, kina cha sentimita 25 hadi 30, ulowe kiasi kwamba ukichimba tundu kwa kidole lisibomoke. Alafu funika tanki kwa shuka na uondoke, usichungulie. Akikuona unamwangalia anaacha shimo na anaanza upya, au anaacha moja kwa moja na mayai yanakwama ndani, na kukwama huko kunaua. Anaweza kuchimba siku nzima mpaka aingie wote. Akimaliza atakuwa amekonda sana, mpe maji mengi na wadudu wenye kalsiamu.

Ukiona amekaa chini macho yamefumba mchana, hachimbi tena na tumbo bado limejaa, usisubiri asubuhi, mpeleke.

Kwa siku za mbele jike aliyekomaa usimlishe kila siku na usimpe joto kali, kwake 27 hadi 30 sehemu ya kuota inatosha, chakula kingi na joto kubwa vinamfanya atage mayai mengi sana na kila utagaji unamnyang'anya kalsiamu. Na maji, wengine mmeniuliza pia, kinyonga hayanywi kwenye bakuli, wengi hata hawalioni, anakunywa matone kwenye majani. Pulizia asubuhi na jioni mpaka majani yadondoshe, na weka juu chombo kinachodondosha maji polepole. Macho yakiwa yamezama ndani maji hayamtoshi.

"Umeme ukikatika masaa sita saba nifanye nini na mijusi wangu?"

Masaa hayo kwa mnyama mzima hayamuui kama chumba hakina baridi kali. Funika tanki kwa blanketi pande zote acha sehemu ya hewa, jaza chupa za maji ya moto uzifunge kwenye taulo uweke ndani upande mmoja, badilisha zikipoa. Usiwashe kitu cha moshi kwenye chumba kilichofungwa. Na usimlishe, hata akiomba, chakula bila joto kinakaa tumboni kinaoza. Umeme ukirudi acha apate joto vizuri kwanza.

Hapohapo niseme kuhusu yale mawe ya joto ya umeme, manake watu wanayanunua wakidhani ndo suluhisho. Yanapata joto kali sehemu moja na mjusi tumboni hahisi kuungua kwa haraka kama wewe, analala juu yake mpaka ngozi inapikika. Toeni.

"Nahama nchi mwezi ujao na siwezi kusafiri na kobe wangu wa maji, wale wenye mstari mwekundu pembeni ya macho. Kuna ziwa zuri karibu, kuna jua na samaki. Si bora nimuachie huru akaishi kama alivyoumbwa?"

Naelewa unampenda, na neno "huru" linavuta. Lakini usimuachie, tafadhali.

Hilo ziwa sio kwao. Kobe huyu mwenye alama nyekundu asili yake ni Marekani na ameachiwa na watu wema kama wewe sehemu nyingi sana za dunia, mpaka ameingizwa kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Anawanyang'anya kobe wenyeji sehemu za kuota na chakula, na anaweza kuwapelekea magonjwa wasiyoyajua. Umoja wa Ulaya ulizuia kumuingiza tangu 1997. Na chatu wakubwa wa Asia walivyojazana kwenye vinamasi vya Everglades kule Florida, wengi walianzia kwenye matanki ya watu, leo wanyama wadogo wa pale wanatoweka na hakuna aliyeweza kuwamaliza hao chatu. Na yeye mwenyewe kobe wako, amezoea kulishwa, akifika kwenye maji yenye baridi asiyoyajua anaweza kufa taratibu huku we unamuwaza ana raha.

Mwezi mmoja unatosha kumtafutia mtu. Anza na daktari wa wanyama, wao wanawajua wafugaji, uliza vituo vya kuokoa wanyama, uliza shule zenye maabara kubwa, waulize wafugaji wengine. Usimpe mtu wa kwanza anayesema ndio kwa haraka, muombe picha ya tanki lake, na filta inawaka. Kabla hujamkabidhi angalia pia sheria za huko ulipo kama kobe huyu anaruhusiwa kubadilisha mikono, kuna sehemu anataka kibali. Siku ya kumpeleka msafirishe kwenye boksi kavu lenye taulo yenye unyevu chini na tundu za hewa, bila maji mengi maana njiani anapigwa pigwa humo.

Mpe na vitu vyake vyote, taa, filta, jiwe lake la kupandia, asianze maisha kwenye harufu ngeni tupu. Na muandikie huyo mtu karatasi, anakula nini na siku gani, alibadilishiwa taa ya UVB lini, alishaumwa nini. Mstari wa kwanza wa hiyo karatasi andika joto la maji na joto la sehemu ya kuota, na ulilipima kwa kipimo gani.